Helmeti Imepita Mtihani. Mtihani Upi?

Leo mambo ya seva na hifadhidata tuyaweke kando kidogo. Nataka tuongee kuhusu kifaa ambacho hakina betri, hakina skrini, hakihitaji intaneti, na bado naamini ndicho kifaa muhimu kuliko vyote vinavyopita kwenye barabara za kwetu Ndabibi. Helmeti.

Kwa wasiopajua, Ndabibi iko magharibi mwa Ziwa Naivasha, kaunti ya Nakuru, chini ya milima ya Eburru. Ukitoka Naivasha mjini unalizunguka ziwa kwa barabara ya Moi South Lake, unapita mashamba ya maua, unafika Kongoni, unaendelea. Ukiiacha lami, ni vumbi. Na vumbi la kwetu si mchezo jamani, ni udongo wa volkano, mwepesi kama unga wa ngano. Usafiri ni bodaboda. Viazi, maziwa, wagonjwa, walimu, hata mimi na laptopu yangu mgongoni, sote tunabebwa na pikipiki. Binamu yangu ni mmoja wa hao wanaotubeba, na habari zake zitakuja.

Kwanza nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyonifanya nianze kuziangalia helmeti kwa jicho lingine. Sisi waandishi wa programu huandika majaribio. Kabla programu haijamfikia mteja, kompyuta inaikagua kwa majaribio mamia, na yakipita yote skrini inageuka kijani. Mgeni akiona kijani hicho anafikiri programu haina kasoro. La hasha! Kijani kinamaanisha tu kwamba haina zile kasoro ulizofikiria kuzitafuta. Zile ambazo hukuzifikiria zimekaa humo ndani zikinywa chai.

Sasa, mahali ambapo jambo hili limegharimu watu sana ni kwenye mpira wa Kimarekani. Najua wengi wetu hatuufuatilii. Pengine mnamkumbuka Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga mwaka 2013 akasajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kucheza mchezo huo, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL. Mbali na hapo, kwetu ni mchezo wa wanaume waliovaa kama maaskari wa anga. Lakini historia ya ile kofia yao ni darasa kwa kila mtu anayepanda pikipiki.

Kampuni ya Riddell ilileta helmeti ya plastiki ngumu mwaka 1939. NFL ikaifanya helmeti kuwa lazima mwaka 1943. Hapo awali walivaa kofia za ngozi, au walicheza kichwa wazi. Gamba gumu lilizuia fuvu lisipasuke, na ndivyo ilivyotakiwa. Ila wachezaji nao wana akili. Waligundua kwamba mtu mwenye kichwa kigumu anaweza kukitumia kama nyundo. Wakaanza kugongana kwa kichwa makusudi. Mwaka 1968 pekee walikufa wachezaji 36 kutokana na kugongwa uwanjani, wengi wao wakiwa wanafunzi wa sekondari. Mwaka uliofuata iliundwa kamati iitwayo NOCSAE ya kuweka viwango, na mwaka 1973 kiwango cha kwanza cha helmeti za mchezo huo kikatoka: unakiweka kichwa bandia ndani ya helmeti, unakiangusha kutoka urefu fulani, unapima jinsi kinavyosimamishwa. Kikipita, helmeti inauzwa. Mwaka 1976 kanuni zikapiga marufuku kumvamia mwenzako kwa kichwa. Vifo vikashuka mno, hata mwaka 1990 ukapita bila kifo hata kimoja cha aina hiyo.

Skrini ya kijani, sivyo?

Mwaka 2002 akafa Mike Webster, nguli wa zamani wa Pittsburgh Steelers, akiwa na miaka 50 tu. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kusahau, kuchanganyikiwa na kulala ndani ya gari. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa kijana kutoka Nigeria, Bennet Omalu. Fuvu la Webster lilikuwa zima kabisa. Ubongo, ukiutazama kwa macho, ulionekana wa kawaida. Omalu akaagiza ukatwe vipande vyembamba, akaviangalia kwa darubini, akakuta uharibifu wa protini wa aina iliyojulikana kwa mabondia. Alipochapisha mwaka 2005, madaktari wa NFL walitaka makala yake iondolewe. Miaka kumi baadaye jaji alikuwa ameidhinisha malipo kwa maelfu ya wachezaji wa zamani.

Helmeti ya Webster haikuwa mbovu. Ilifanya kazi iliyopimwa nayo, ya kulinda fuvu. Hakuna aliyeiuliza kuhusu mtikiso wa ubongo.

Haya, sasa hesabu kidogo, msikimbie. Ukitaka kukadiria jinsi kichwa kinavyoumia, chukua urefu kinakoanguka ugawanye kwa umbali ambao kinautumia kusimama. Mtu aliyekaa kwenye pikipiki, kichwa chake kiko kama mita 1.5 juu ya ardhi. Kikigonga lami bila kitu, ngozi na nywele zikabonyea nusu sentimita, ni 150 kugawanya kwa 0.5, unapata 300. Yaani kimesimamishwa kwa nguvu mara 300 ya mvutano wa dunia, wataalamu wanaandika g 300. Weka povu linalosagika sentimita 2.5, ni 150 kwa 2.5, unapata 60. Hesabu hii inachukulia kwamba kichwa kinapunguza kasi sawasawa mwanzo hadi mwisho, na hilo halitokei, kwa hiyo kilele halisi kiko juu zaidi. Lakini wazo lote la helmeti liko hapo. Si gamba la nje linalokuokoa. Ni lile povu jeupe la ndani, ndugu yake lile linalofungashiwa TV mpya, ambalo linasagika kwa niaba yako. Likishasagika halirudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali moja nzito imemaliza kazi, hata kama rangi bado inang'aa.

Kiwango cha Umoja wa Mataifa kilichotumika kwa miaka mingi, ECE 22.05, kiliigongesha helmeti kwa mita 7.5 kwa sekunde, na kichwa bandia kisipite g 275. Mita 7.5 kwa sekunde ni kilomita 27 kwa saa. Nikiwaambia vijana wa steji wananicheka: "Bro, mimi naenda themanini!" Ni kweli, lakini ukianguka barabarani, kichwa kinashuka kutoka urefu uleule wa mita 1.5, uwe ulikuwa unaenda ishirini au themanini. Ile themanini inaisha kwa kuteleza. Isipokuwa ukikutana na lori. Hapo povu la sentimita mbili lisidanganywe kwamba linaweza kila kitu.

Kuna msomaji ataniuliza kwa nini nisipime mwenyewe kwa simu, si zina vihisio vya mwendo? Zinavyo, lakini simu nyingi zinaishia karibu na g 16 au chini yake. Ukiifunga kwenye helmeti ukaiangusha, itakuandikia kikomo chake kisha inyamaze, kama mizani ya sukari uliyowekea ng'ombe. Apple walipoleta huduma ya kutambua ajali kwenye iPhone 14 mwaka 2022, ilibidi waweke kihisio kinachofika g 256.

Sasa tufike kwenye ubongo wenyewe. Majirani zetu wafugaji wanaweka maziwa kwenye kibuyu. Chukua kibuyu kilichojaa maziwa yaliyoganda, kifunge blanketi nzito, kiangushe. Kwa blanketi nzuri hakipasuki. Sasa kishike kwa mikono miwili ukizungushe ghafla kwa nguvu kama unayefungua kifuniko. Kibuyu kinazunguka, maziwa yanabaki nyuma, kisha yanavutwa. Fungua uone yalivyokatikakatika. Mwaka 1943 mwanafizikia wa Oxford, Holbourn, alifanya jambo kama hilo akitumia umbo la ubongo lililotengenezwa kwa jeli, akaandika katika jarida la Lancet kwamba ubongo haujali sana kubanwa, unachoumizwa nacho ni mzunguko. Kichwa kikizungushwa ghafla, nyuzi za ubongo zinavutika. 1943! Mwaka uleule NFL ilipofanya helmeti kuwa lazima. Jibu lilikuwa limeshachapishwa, na kiwango cha 1973 bado kikapima kuanguka tu. Hili linaniuma kama mtu wa programu, kwa sababu naijua tabia yenyewe. Kuanguka ni rahisi kupima. Mzunguko ni mgumu. Tunapima kilicho rahisi.

Helmeti ya pikipiki nayo ina ukoo wake. T. E. Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki mwaka 1935 bila helmeti, akafa siku chache baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns. Akaanza kuhesabu vifo vya waendesha pikipiki, akachapisha mwaka 1941 akiwaonyesha wakubwa kwamba wenye helmeti wanapona. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha matarishi wake wa pikipiki wavae. Mwaka 2008 Cochrane walipojumlisha tafiti nyingi pamoja, walikadiria kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo tafadhali, asitoke mtu hapa akasema "jamaa wa blogu kasema helmeti haisaidii". Inasaidia sana. Nauliza tu inasaidia dhidi ya nini.

Nirudi kwa binamu. Msimu mmoja wa mvua, akitoka kupeleka abiria upande wa Maiella, gurudumu la mbele liliingia kwenye mfereji akaruka. Helmeti ilikuwa kichwani, ila mkanda wa kidevuni ulikuwa umening'inia kama kawaida yao, kwa hiyo helmeti ilitoka kabla hajafika chini. Hakuzirai. Hakutoka damu kichwani, mchubuko wa mkono tu. Kwenye zahanati moja walimsafisha mkono wakamwambia aende nyumbani. Kesho yake alikuwa steji saa kumi na mbili asubuhi. Kwa wiki tatu zilizofuata alikuwa anasahau nani ameshalipa nauli na nani bado, jua linamchoma macho, anafoka kwa mambo madogo, na mama yake akaanza kushuku ameanza kunywa. Hakuwa amekunywa. Siku ya nane alianguka tena kwa mwendo wa polepole, mahali ambapo angepita amefumba macho.

Watu wetu wanaamini kama hakuzirai na hakuna damu, hakuna kitu. Si hivyo. Sehemu kubwa ya watu wanaopata mtikiso wa ubongo hawazirai kabisa. Hata picha ya CT mara nyingi inatoka safi, kwa sababu ile inatafuta damu na mifupa iliyovunjika, na nyuzi zilizovutika hazionekani humo. (Mnaona? Kipimo kingine cha kijani.) Siku moja au mbili za mwanzo mtu apumzike: kutembea kidogo sawa, lakini asiendeshe, asishinde kwenye simu. Kisha arudi kazini polepole, dalili zikirudi apunguze. Kinachoogopwa zaidi ni pigo la pili kabla ubongo haujapona. Na akianza kutapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, mkono au mguu ukilegea, au asipoamka vizuri, hiyo ni hospitali kubwa sasa hivi, usingoje asubuhi.

Mwambie mwendesha boda apumzike siku mbili, atakuuliza mkopo wa pikipiki utalipwa na nani. Sina jibu la programu kwa swali hilo. Kwa binamu, tulichanga kama familia tukalipa siku kadhaa za marejesho. Si kila mtu ana ndugu wa kumchangia.

Tukirudi kwenye teknolojia, kuna habari njema. Wasweden walioanzisha kampuni ya MIPS mwaka 2001 waliweka tabaka jembamba ndani ya helmeti linaloteleza milimita 10 hadi 15, ili gamba lizunguke kidogo bila kichwa kuzunguka nalo. Kiwango kipya cha Umoja wa Mataifa, ECE 22.06, sasa kinaigongesha helmeti kwenye sehemu iliyoinama na kupima mzunguko. Pia kinapima kwa kasi tatu, mita 6, 7.5 na 8.2 kwa sekunde, maana helmeti ngumu mno inaweza kufaulu kwenye pigo zito na kukuumiza kwenye pigo dogo. Kwenye mpira wa Kimarekani, Chuo Kikuu cha Virginia Tech kimekuwa kikitoa nyota kwa helmeti tangu 2011, na NFL tangu 2022 imelazimisha baadhi ya wachezaji kuvaa kofia laini juu ya ile ngumu wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu. Baada ya miaka themanini wamekumbuka kuweka ulaini.

Hata wapenzi wa raga hapo Nakuru hili linawahusu. Ile kofia laini wanayovaa baadhi ya wachezaji, kanuni za World Rugby haziruhusu unene wake uzidi sentimita moja. Rudia hesabu yetu ya mgawanyo uone itakusaidia kiasi gani. Inalinda masikio na ngozi. Kwa mtikiso wa ubongo raga imeamua kutumia kanuni na vipimo: mkabe mwenzako chini ya mabega, ukitiliwa shaka unatolewa, na tangu 2024 wachezaji wa ngazi za juu wanavaa kinga ya meno yenye kihisio kinachomwarifu daktari pembeni ya uwanja.

Sisi wa Ndabibi helmeti yenye tabaka la kuteleza tunaiona kwenye YouTube. Sheria ya Trafiki inataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti, na KEBS wana kiwango chao, KS 77. Lakini sokoni utakuta kila kitu, mpaka kofia za wajenzi zilizotengenezwa kuzuia jiwe linaloanguka kutoka juu. Mtu anaivaa ili polisi amwone nayo. Huo nao ni mtihani, na kofia hiyo inaupita kila siku.

Nikienda kununua mimi sianzi na stika, stika inachapishwa popote. Nainua kitambaa cha ndani nitafute povu jeupe gumu, la unene wa sentimita mbili au zaidi. Nikibonyeza kwa kidole gumba likaingia kama godoro, hiyo ni sponji, narudisha. Nafunga mkanda, nashika helmeti nyuma chini kabisa, naivuta kwa mbele juu. Ikitoka, si saizi yangu. Kisha sitaitundika karibu na mtungi wa petroli, maana petroli inalila lile povu, na rangi za kupulizia vilevile.

Abiria nao wana sababu zao na sizicheki. Helmeti moja ya kuvaliwa na watu ishirini kwa siku ina jasho, ina mashilingi, na dada aliyetoka kusukwa hataki kuisikia. Kofia ya kitambaa ya kuvaa ndani inasaidia, wengine wanakuja na yao mfukoni. Mama yangu anatumia kitambaa chake cha kichwa, mradi kisiwe na fundo nyuma.

Na saizi! Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Binamu alipokuwa tayari kununua nyingine, tuliazima tepu ya fundi cherehani wa pale steji tukapima kichwa chake, kidole kimoja juu ya nyusi, kuzunguka mpaka pale nyuma kunakotokeza. Sentimita 56. Helmeti yake ya zamani ilikuwa imeandikwa XL. Wenzake wakapanga foleni wapimwe nao, wakitaniana nani ana kichwa kikubwa. Kwa kawaida 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, 61 hadi 62 ni XL, ingawa kampuni zinatofautiana kidogo. Duka tulilokwenda Naivasha lilikuwa na XL tupu, kwa sababu XL inamwingia kila mtu. Ilibidi tusubiri siku nne M iletwe kutoka Nairobi ndipo tupate iliyombana mashavu vizuri, kwa sababu za S za aina ile hazikuwepo kabisa na M yao ilikuwa ndogo. Sasa anafunga mkanda. Analalamika kwamba inambana masikio.